Mchanga Mweusi wa Mambrui na Miamba ya Tsavo: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Michirizi myeusi ufuoni Mambrui, pwani ya Kenya, na kwenye mlango wa mto Sabaki ni uchafu wa mafuta ya meli.

Ukweli: Ni madini mazito, hasa ilmenaiti, yakiandamana na zirkoni, rutaili na ganeti. Ilmenaiti ina uzito wa karibu mara 4.7 ya maji ya ujazo uleule, ilhali kwatzi, ile chembe nyeupe ya kawaida, ni mara 2.65 tu. Wimbi likirudi huondoka na chepesi, kizito kikabaki. Mafuta hunata mkononi. Mchanga huu ukikauka hupukutika.

Dhana: Mwamba uliopikwa ardhini kwa nyuzi 700 hauwezi tena kueleza ulianza kama nini.

Ukweli: Hapa ndipo wengi hukosea. Mto Galana, ambao ndio Sabaki ukikaribia bahari, hupita Tsavo juu ya miamba ya Ukanda wa Msumbiji, mkanda wa miamba ya kale iliyogeuzwa na joto na mkandamizo. Sehemu yake ilikuwa tope, mchanga na chokaa, kisha ikapikwa na kukandamizwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Joto na majimaji ya chini kwa chini huhamisha elementi kama sodiamu, potasiamu, rubidiamu, bariamu na urani. Toriamu, skandiamu, zirkoniamu na lanthanidi nyingi (kundi la metali zinazofanana kitabia) huwa hazibanduki kirahisi. Toriamu hukusanyika kwenye graniti, skandiamu kwenye basalti. Kwa hiyo gawanya toriamu kwa skandiamu: tope la kawaida la bara hukaribia 1, basalti nyingi huwa chini ya 0.1. Uwiano huo hutaja aina ya nchi kavu iliyomomonyoka. Hauthibitishi peke yake kwamba naisi, yaani mwamba wenye mistari uliogeuzwa na joto na mkandamizo, ilikuwa tope, maana hata graniti iliyogeuka naisi ina toriamu nyingi.

Ushahidi mzuri zaidi ni tsavoraiti, ganeti ya kijani inayochimbwa Taita Taveta. Rangi yake hutokana na vanadiamu, wakati mwingine pamoja na kromiamu, na hupatikana ndani ya naisi zenye grafaiti, yaani kaboni nyeusi. Grafaiti hiyo ni mabaki ya viumbe vilivyozikwa topeni, na tope jeusi lisilo na oksijeni hunasa vanadiamu kutoka majini. Moto wote ule haukuifukuza vanadiamu hiyo.

Mwamba ukianza kuyeyuka, hesabu hubadilika. Ukiona mishipa myeupe imejipinda ndani ya naisi, huenda ndiyo sehemu iliyoyeyuka; usiichanganye na sampuli.

Dhana: Kwa kupima elementi hizi maabara, kipande chochote kinafaa, na kinu chochote kinasaga.

Ukweli: Ondoa ganda lililooza mpaka ufikie mwamba mbichi, na kama mwamba una chembe kubwa chukua kilo kadhaa. Kinu cha tangsteni kabaidi huongeza tangsteni na kobalti. Cha chuma kigumu huongeza kromiamu. Tumia cha akiki, ingawa ni cha polepole. Kosa la pili ni kuyeyusha unga kwa asidi peke yake: zirkoni, madini yanayobeba zirkoniamu na hafniamu, haimalizwi na asidi kwenye sahani ya moto, hivyo zirkoniamu na hafniamu husomeka chini kuliko zilivyo. Yeyusha unga pamoja na lithiamu metaborati, chumvi inayosaidia mwamba kuyeyuka, kwa takriban nyuzi 1,000, ndipo utie asidi. Zirkoniamu ikizidi mno ukilinganisha na skandiamu, shuku kwamba maji yalishachambua mchanga ule na kurundika zirkoni, kama yanavyofanya leo Mambrui.

Dhana: Kipimo cha CIA (Chemical Index of Alteration, kinachokadiria kuoza kwa mwamba kutokana na kemikali zake) huonyesha moja kwa moja jinsi nchi ya kale ilivyooza kwa mvua na joto.

Ukweli: Potasiamu iliyoingia baadaye hukishusha, na mwamba uliooza sana ukaonekana mzima.