Kadi mbili za bima si malipo mara mbili

Hapa Mwanza nasikia sana: "Ndugu yetu ana kadi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) na ya bima ya kazini, upandikizaji wa figo utalipwa wote na chenji itabaki." Sivyo. Bima ya afya hufidia gharama. Bili moja hailipwi mara mbili. Bima moja hulipa kwanza, ya pili huangalia kilichobaki, tena ndani ya kikomo cha mkataba wake. Ulizeni mapema ipi inatangulia, mjibiwe kwa maandishi, na msisahau kuulizia vipimo vya ndugu anayetoa figo.

Linaloniuma zaidi ni kudhani upasuaji ndio mwisho. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya ni za maisha. Takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo, kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12, na siku ya kupima kiwango chake mgonjwa hufika kliniki na kidonge cha asubuhi bado mfukoni: damu itolewe kwanza, ndipo ameze. Kwa hiyo someni kipengele cha dawa za wagonjwa wa nje (wasiolazwa) neno kwa neno, mkiulizia pia nani atazilipia kazi ikiisha na kadi ya mwajiri ikifungwa.