Je, wajua? Kwa nini afya ya akili ya vijana wa Pasifiki huchorwa kama nyumba

Mwanafunzi wa uuguzi au unasihi nchini Nyuzilandi hakawii kukutana na mchoro wa nyumba ya Kisamoa: paa, nguzo nne, sakafu, wala hakuna ukuta hata mmoja. Kwa mchoro huo anafundishwa kumwelewa kijana mwenye asili ya visiwa vya Pasifiki, kama Samoa, Tonga, Niue au Visiwa vya Cook, anapoanza kuelemewa na mawazo.

Mchoro unaitwa Fonofale. Aliyeubuni ni Fuimaono Karl Pulotu-Endemann, muuguzi mzaliwa wa Samoa, aliyeanza kuufanyia kazi miaka ya 1980. Sakafu ni familia, yaani ukoo mzima. Paa ni utamaduni. Nguzo tatu ni mwili, roho na akili. Ya nne inabeba mengine yanayomgusa mtu, kama jinsia, mapenzi, umri na kipato. Nyumba nzima imezungukwa na mazingira, wakati na hali iliyopo. Tazama basi akili ilipowekwa: ni nguzo moja kati ya nne. Ikitikisika, mtoa huduma hukagua pia sakafu, paa na nguzo zilizobaki.

Sababu iko kwenye namna jamii hizi zinavyomtambua mtu. Kijana ni mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, wa kanisa fulani. Kati yake na hao wote ipo nafasi inayoitwa vā, na kila mmoja ana wajibu wa kuitunza. Ikiharibika, mtu huumia hata kama mwili wake ni mzima. Ukimweka kijana huyo peke yake kwenye chumba kilichofungwa na kumuuliza habari zake yeye tu, huenda akanyamaza, na ukimya wake ukaandikwa kwenye faili kwamba hataki msaada.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili uitwao Te Rau Hinengaro, uliochapishwa mwaka 2006 na kuwahusu watu wa miaka 16 na zaidi, ulionyesha pengo lenyewe. Robo ya watu wa Pasifiki walikuwa wamepata tatizo la akili ndani ya miezi 12. Miongoni mwa wenye tatizo kubwa, asilimia 25 tu ndio waliofika kwenye huduma ya afya kwa ajili hiyo. Kwa taifa zima ilikuwa asilimia 58. Linaloniuma zaidi ni hili: waliozaliwa Nyuzilandi waliathirika karibu mara mbili ya waliohamia wakiwa watu wazima. Hao ndio watoto waliolelewa kwa desturi za visiwani nyumbani na kwa desturi nyingine shuleni, tangu utotoni. Na Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya akili huanza kufikia umri wa miaka 14, kwa hiyo kumsubiri kijana mpaka azidiwe ni kuchelewa.

Chukua mfano wa msichana wa miaka 15, wazazi wake kutoka Tonga, ambaye hapati usingizi. Mnasihi anayefuata njia hii huanza kwa kujitambulisha mwenyewe: ametoka kisiwa gani, ukoo gani. Kisha wanafanya talanoa, mazungumzo yasiyo na fomu wala haraka, pengine yakifunguliwa kwa sala. Nani wanaishi nyumbani? Mama anafanya kazi zamu gani? Hapo ndipo inapojulikana kwamba mama husafisha ofisi usiku, na binti ndiye anayekesha na wadogo zake. Kwenye dodoso la kawaida hayo yote yangebaki maneno mawili: usingizi mbaya.

Kuna pia suala la kuaminiana. Miaka ya 1970 polisi wa Nyuzilandi walivamia nyumba za Wapasifiki alfajiri, wakisaka waliopitisha muda wa viza. Tarehe 1 Agosti 2021, Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliomba radhi kwa niaba ya serikali. Katika hafla hiyo alifunikwa mkeka, kwa desturi ya Kisamoa ya ifoga, ambapo mkosaji hukaa chini ya mkeka mpaka waliokosewa wauondoe. Familia iliyopitia uvamizi ule haiwezi kulaumiwa ikisita kumpeleka mtoto kwenye ofisi ya serikali, ndiyo maana huduma zinazoendeshwa na Wapasifiki wenyewe zina uzito.

Ila utamaduni nao una upande mgumu, na sioni faida ya kuuficha. Heshima humfanya mtoto asimjibu mkubwa, aibu ya mmoja huwa ya ukoo mzima, na katika jamii ndogo mnasihi anaweza kuwa anaimba kwaya moja na mama yako. Kwa kuliona hilo, Le Va, shirika la Wapasifiki nchini Nyuzilandi, lilitengeneza Aunty Dee, yaani Shangazi Dee, huduma ya bure ya mtandaoni. Msomaji wa gazeti la Taifa Leo la Kenya aliyezoea safu ya ushauri ya Shangazi atalielewa jina hilo mara moja. Kijana hutaja linalomsumbua, huorodhesha njia za kulitatua, kisha huchagua ya kuanza nayo, hata kama ni saa nane usiku na hajamwambia mtu.

Anayefikiria kujidhuru anahitaji zaidi ya hayo, na anahitaji haraka: daktari, dawa ikibidi, na mtu wa kukaa naye. Hata hapo familia haiwekwi kando. Mnasihi mzuri humuuliza kijana mwenyewe nani wa kwanza kuambiwa, na mara nyingine anayetajwa ni bibi au binamu mkubwa, kabla ya baba na mama.