Zege, pumzi na mishumaa: minara ya vita ya Hamburg

Kila mgeni ninayemtembeza Hamburg, Ujerumani, akifika mtaa wa St. Pauli husimama mbele ya lile dude la zege kwenye uwanja wa Heiligengeistfeld na kuuliza kama ni gereza. Hapana. Ni mnara wa mizinga ya kutungulia ndege, uliojengwa mwaka 1942. Mimi ni mhandisi wa majengo, kwa hiyo jibu langu huwa refu.

Ndege za Uingereza zilipoipiga Berlin kwa mabomu Agosti 1940, Hitler aliagiza minara hii ijengwe. Michoro ni ya Friedrich Tamms. Berlin ilipata jozi tatu, Vienna tatu, Hamburg mbili. Nasema jozi kwa sababu kila mnara wa mizinga ulikuwa na mwenzake mwembamba wenye rada na vipima umbali, uliotengwa mbali kidogo ili moshi na mtikisiko wa mizinga visivuruge vipimo. Kazi nyingi ya kumwaga zege ilifanywa na watu waliolazimishwa. King'ora kikilia, watu kama hao kwa kawaida mlango haukuwa wao.

Wengi huvutiwa na mizinga ya milimita 128. Mimi sivutiwi nayo sana. Usiku wa 24 kuamkia 25 Julai 1943 Waingereza walimwaga angani vipande vyembamba vya karatasi yenye alumini, na skrini za rada zikajaa ndege hewa. Mizinga ikabaki kulipiga giza. Kilichofanya kazi ni kuta na mashine za hewa.

Siku tatu baadaye moto uligeuka tufani katika mitaa ya Hammerbrook na Rothenburgsort. Watu walikuwa wamejificha kwenye vyumba vya chini ya nyumba zao, na wengi walikufa humo bila kuguswa na mwali. Muuaji tunamjua hata sisi: ni gesi ileile inayoua familia iliyolala na jiko la mkaa madirisha yakiwa yamefungwa. Chumba kilicho chini ya nyumba inayoungua ni jiko hilohilo, ila wewe uko ndani yake. Mnara ulisimama peke yake, una kuta nene kuliko urefu wa mtu, milango ya chuma na mashine za kuvuta hewa. Ule wa Heiligengeistfeld ulipangiwa watu 18,000; Julai ile inakadiriwa walibanana hadi 25,000.

Makimbilio madogo hayakuwa na anasa hiyo. Humo watu waliwasha mishumaa kwa vimo tofauti. Wa sakafuni ukizimika, watoto wanyanyuliwe mabegani, maana hewa chafu ya pumzi zao ilihofiwa kutangulia kujaa chini. Wa usawa wa kidevu ukizimika, wote watoke, mabomu yawe yanaanguka au la.

Kuibomoa minara hii ni kisa kingine. Mnara wa Zoo mjini Berlin uliwashinda Waingereza mara kadhaa, ukalala Julai 1948. Wa Wilhelmsburg, ule wa pili wa Hamburg, ng'ambo ya mto Elbe, waliulipua ndani mwaka 1947. Sakafu zikaporomoka, ganda likagoma. Tangu 2013 ganda hilo limebeba tangi la lita milioni 2 za maji ya moto, yanayopasha joto nyumba za jirani wakati wa baridi.