Eti Linux haitengenezi muziki?

Bado utasikia mtayarishaji akisema kuhusu mfumo huu wa kompyuta, mbadala wa Windows, "Ukiweka Linux, studio umeifunga." Zamani alikuwa na hoja, kupata sauti safi kulihitaji moyo. Siku hizi programu za kurekodi muziki kama Ardour na Reaper zina matoleo ya Linux, na Bitwig Studio ilikuwa nalo tangu ilipotoka 2014. Sauti kuchelewa? Weka bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli, yaani vipimo vya sauti, 128 kwenye kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde: hiyo ni kama milisekunde 2.7. Kadi ya sauti itaongeza kidogo, lakini mpiga kinanda hatalalamika. Kinachouma kweli ni FL Studio, programu ya kutengeneza biti, ambayo haina toleo la Linux. Wengine huiendesha kupitia Wine, inayowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux, ila baadhi ya plagini (viongezo vya ala na sauti) hugoma. Kama biti zako zote zimo humo, usiifute Windows kwanza.