Kijana na kujitambua: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Kijana anayebadilikabadilika amepotea, aliyetulia mapema ndiye anayejitambua.

Mara nyingi ni kinyume chake. Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia, akiendeleza mawazo ya Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyemtangulia, alitazama mambo mawili: kijana amechunguza njia mbalimbali? Ameshika mojawapo? Majibu yake yanatoa hali nne: asiyechunguza wala kushika, aliyeshika bila kuchunguza, anayeendelea kuchunguza, na aliyechunguza kisha akashika.

Wa pili ndiye anayewadanganya wazazi wengi. Hana ubishi, na kazi atakayofanya anaitaja bila kusita, kumbe amebeba uamuzi wa wakubwa bila kuupima. Akifeli somo linalohitajika katika fani hiyo, anayumba, maana hakuna njia nyingine aliyowahi kuifikiria. Muulize: “Ulifikiria nini kingine ukakiacha, na kwa sababu gani?” Akikosa jibu, usimkaripie. Mkutanishe na watu wa kazi tofauti, mwache ajaribu jambo jipya kwa wiki kadhaa, kisha zungumza naye kuhusu aliyoyaona.

Dhana: Akifika miaka 18 awe ameshajijua.

Wengi huendelea kujitafuta hadi miaka ya ishirini. Hata sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kupanga na kupima matokeo, haijakomaa bado kwa umri huo. Tena mtu anaweza kuwa na msimamo imara wa dini huku hajui asomee nini.

Dhana: Mpole nyumbani, mchangamfu kwa wenzake: huyo ni mnafiki.

Hapana. Karibu na miaka 14 au 15 kijana huziona tofauti hizi ndani yake, zikamsumbua, kabla hajaweza kuziunganisha. Ukimwita mnafiki, atajifunza kuficha.

Dhana: Kujiwaza sana ndiko kujitambua.

Swali la “kwa nini niko hivi?” likirudiwa usiku kucha huzaa kujilaumu, hasa katika umri ambao kijana huhisi macho yote yanamtazama yeye. Yanayosaidia zaidi ni maswali ya “nini”: nini kilitokea, nilihisi nini, nitafanya nini safari nyingine? Mistari mitatu kwenye daftari inatosha, na mzazi asilifungue bila ruhusa.

Huzuni au kujitenga kukidumu wiki 2 au zaidi, usiseme “ni umri tu”. Mpeleke kwa mtaalamu wa afya. Akitaja kujidhuru, mpeleke siku hiyohiyo, wala usimwache peke yake.