Msuli uliochanika huota tena

Kwenye maghala ya korosho Mtwara, mbeba magunia akichanika msuli huambiwa: ukishakatika, hauoti tena. Imani hii ya siku nyingi si kweli, na inasikitisha, kwa kuwa huwakatisha tamaa watu wanaoweza kupona.

Mwaka 1961, mwanasayansi Alexander Mauro alichunguza msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni akaona seli ndogo zilizojibanza pembeni mwa nyuzi zake. Ni seli za akiba: hulala mpaka msuli uumie, kisha huamka na kugawanyika.

Maabara huonyesha kinachofuata. Seli za msuli wa panya ziitwazo C2C12 huoteshwa kwenye sahani ya plastiki, ndani ya maji ya virutubisho, kwa joto la sentigredi 37. Zikipewa seramu nyingi (majimaji ya damu yaliyoondolewa chembechembe), huongezeka tu. Ikipunguzwa, baada ya siku chache huacha kugawanyika, hujipanga, huungana kuwa mirija mirefu yenye viini vingi, yaani nyuzi changa za msuli, na mingine hujikunja yenyewe (kwangu, hili ndilo la ajabu zaidi).

Bila shaka sahani haina mishipa ya damu wala ya fahamu, na mpasuko mkubwa huacha kovu. Kwa hiyo aliyeumia awahi hospitali, apumzike, kisha aanze mazoezi mepesi kadiri atakavyoelekezwa.