"Ukimuuliza, si Unampa Wazo?"

Nafundisha watu wa kawaida jinsi ya kuzuia kujiua: viongozi wa vikoba, walimu, bodaboda, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kuanzia Mafinga mpaka Tukuyu, kusini mwa Tanzania. Kila ukumbi, chai haijaisha, mtu ananyoosha mkono: "Mwalimu, ukimuuliza mtu kama anataka kujiua, si ndiyo unampa wazo?"

Humpi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanafunzi 2,342 wa sekondari jimboni New York. Kundi moja liliulizwa maswali ya kujiua, jingine halikuulizwa. Siku mbili baadaye, walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wenzao. Wenye sonona na waliowahi kujaribu kujiua ndio walioonekana kupata nafuu kwa kuulizwa.

Kinachoharibu ni namna tunavyolikwepa swali. Tukiigiza wawili wawili, mshiriki anaanza vizuri kabisa: kamwene, mahindi yanaendeleaje, watoto hawajambo. Akifika penyewe anainamisha macho: "Lakini huwazi mambo ya kijinga, eti?" Mwenzake ajibu nini zaidi ya "Aa, hapana mama"? Umeshamtajia jibu unalolitaka, na umeshamwambia kwamba anachowaza ni ujinga. Hapo namsimamisha, hata akiwa mchungaji. Taja neno lenyewe: "Kaka, kwa haya uliyonieleza, umefikia kuwaza kujiua?" Kisha nyamaza. Kunyamaza huku kunawashinda wengi kuliko swali. Hata hajavuta pumzi, tayari wameingiza mahubiri au habari za binamu yao wa Makambako. Nyamaza!

Akisema ndiyo, muulize kama ameshapanga, na lini. Usimwache peke yake. Mpeleke wewe mwenyewe mpaka kituo cha afya, ukae naye kwenye benchi mpaka aonwe. Kumwambia "nenda hospitali" halafu ukashika njia yako, hiyo si rufaa. Najua kuna heshima: kijana hawezi kumkalisha baba mkwe na kumuuliza hivyo. Basi amtafute anayeweza, siku hiyohiyo.

"Hii ni damu ya Wahehe." Utani huu, kwamba Mhehe huzaliwa na tabia ya kujiua, umenichosha. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, baada ya miaka ya kuwindwa. Hilo linahusiana nini na kijana wa Kilolo aliyezidiwa na madeni? Ukimcheka kwa utani huo, wewe utakuwa mtu wa mwisho kuelezwa shida yake.

"Anayesema hafanyi." Wengi wanaofanya walisema kwanza, ila kwa mafumbo: "mtanikumbuka", "nimekuwa mzigo kwenu". Ukisikia hivyo, rudi kwenye swali.

"Ukiziba njia hii, atapata nyingine." Mwaka 1995 Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi vilivyokuwa vimebaki, na ndani ya miaka ishirini kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa zaidi ya nusu. Wimbi la kutaka kufa hupanda na kushuka, na mara nyingi kinachohitajika ni kumvusha usiku mmoja. Kwa wakulima wa viazi wa Njombe na Umalila nasema hivi: nyumba ikiwa na mtu wa namna hiyo, dawa ya shamba isilale humo. Ipelekwe kwa jirani, au stoo ya chama, mpaka hali itulie.

"Ukimpeleka hospitali, anaishia polisi." Hofu hii haikuzuka hewani. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa maoni yangu kifutwe hata kesho, kwa sababu kinafanya ndugu wamfungie mtu chumbani badala ya kumpeleka kutibiwa. Lakini kisomeni vizuri: kinazungumzia kujaribu. Kuwaza si kosa, wala kumwambia daktari kwamba unawaza. Kwa hiyo mpelekeni akiwa bado anawaza. Na akiwa ni mtoto, simu ya 116 ni bure.